Oili Ipo, Lakini Mashine Inalika: Soma Dalili Kabla ya Kumwaga

Mashine inayofanya kazi kwenye joto kali, mzigo mzito, baridi ya kugandisha au vumbi ikianza kulalamika, karakana nzima husema neno moja: "Weka oili nzito zaidi." Kuna siku neno hilo ni sahihi. Siku nyingi si sahihi, na wakati huo oili ya zamani, ambayo ndiyo ilikuwa na ushahidi wote, imeshamwagwa.

Kwa hiyo, fundi mwenzangu, kabla ya kugusa nati ya kumwagia, chukua sampuli ya oili mashine ikiwa bado ina moto. Itie kwenye chupa safi inayoonyesha ndani. Pima joto la nje la beringi au giaboksi, uliandike pamoja na saa na mzigo uliokuwepo. Filta usiitupe. Ukishafanya hayo, fungua na uangalie chuma chenyewe, kwa sababu jinsi chuma kilivyolika ndiyo itakayokuambia oili ilishindwa wapi.

Utando wa oili unatoka wapi

Mwaka 1883 Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akijaribu beringi za ekseli za treni. Alitoboa tundu juu ya beringi ili apitishie oili, lakini shafti ilipozunguka, oili ikapanda na kumwagika kupitia tundu hilohilo. Akaliziba. Kizibo kikasukumwa nje. Shafti ilikuwa inaelea juu ya utando, yaani tabaka jembamba la oili iliyojijengea presha yenyewe kwa sababu ya mzunguko. Osborne Reynolds aliandika hesabu ya jambo hilo mwaka 1886, na wahandisi bado wanaitumia.

Kwenye meno ya gia na vigololi vya beringi hali ni kali zaidi. Sehemu inayogusana ni ndogo mno, presha inapita gigapaskali 1, na kwa kitambo kidogo sana oili inakuwa ngumu karibu kama kitu yabisi. Utando unaobaki mara nyingi una unene wa kati ya maikromita 0.1 na 1 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Unywele wa binadamu una takriban 70.

Linaloshangaza wengi ni hili. Kwa migusano ya aina hiyo, mzigo ukiongezeka maradufu, utando unapungua kwa takriban asilimia 5 tu. Lakini kasi ikipungua nusu, au mnato (uzito wa oili, yaani jinsi inavyogoma kutiririka) ukipungua nusu, utando unapungua kwa zaidi ya theluthi. Mzigo una njia yake nyingine ya kuua: unazalisha joto na unachosha chuma. Beringi ya vigololi ikibebeshwa mzigo maradufu, umri wake wa hesabu unashuka hadi moja ya nane. Basi ukiambiwa utando umekatika kwa sababu ya mzigo, uliza kwanza kuhusu kasi na joto.

Joto hasa. Oili ya madini ya daraja la ISO VG 220 ina mnato wa sentistoki (kipimo cha mnato) 220 ikiwa 40°C. Ikifika 60°C imebaki na takriban 80, ikifika 80°C takriban 36, na ikifika 100°C takriban 19. Namba iliyoandikwa kwenye pipa ni ya 40°C, na giaboksi yako haifanyi kazi kwenye 40°C.

Dalili: ubavu wa meno ya gia umefifia, kama kioo kilichopuliziwa pumzi

Hii wengi hawaioni kabisa. Futa jino kwa kitambaa kisicho na manyoya, zima taa ya juu, kisha shika tochi karibu na jino na uilaze mpaka mwanga uteleze juu ya uso. Utaona baka la kijivu lisiloakisi mwanga, mara nyingi chini ya mstari wa katikati ya jino. Pitisha kucha: haikwami. Ukiangalia kwa lenzi unaona mashimo madogo madogo yasiyo na idadi.

Chanzo ni utando mwembamba kuliko ukwaru wa nyuso mbili zinazokutana. Wataalamu hugawanya unene wa utando kwa ukwaru huo: jibu likizidi 3, nyuso zimeachana, likiwa chini ya 1, vinundu vya chuma vinagongana kila jino linapopita. Gia ngumu za kisasa zinazokwenda polepole na kubeba mzigo mkubwa ndizo zinazopatwa zaidi.

Fuata mpangilio huu. Pima joto la oili kwenye tangi, si ukutani mwa giaboksi. Tafuta mnato halisi kwenye joto hilo, uulinganishe na kiwango cha mtengenezaji. Ukikuta joto limepanda kwa sababu kipozeo kimeziba au feni imejaa vumbi, safisha hicho kwanza; kupunguza 10°C kunarudisha utando na pia kunarefusha maisha ya oili, kwa kuwa kila nyongeza ya 10°C huongeza kasi ya kuoksidika takriban maradufu. Joto likiwa la kawaida na mnato bado hautoshi, hapo ndipo oili nzito zaidi inastahili, au oili ya sintetiki ambayo mnato wake haushuki haraka joto linapopanda. Maji na uchafu navyo viangaliwe, maana hulifanya tatizo hili liende mbio.

Baka la kijivu linaweza kusimama lenyewe nyuso zikishazoeana. Lipige picha, andika tarehe, rudi baada ya mwezi. Likiwa limepanuka au mashimo yamekuwa makubwa kiasi cha kunasa kucha, chuma kimeanza kubanduka na gia hiyo ina safari fupi.

Dalili: mikwaruzo inayotoka mzizini kwenda kileleni mwa jino

Mikwaruzo mikali, iliyochanika, inayofuata mwelekeo wa kuteleza, iko zaidi kileleni na mzizini huku katikati ya jino pakiwa pazima. Katikati panaviringika bila kuteleza sana, ndiyo maana panapona. Hapa chuma kimeshikamana na chuma kwa joto la ghafla, kikachanika. Inaweza kutokea ndani ya dakika chache, mara nyingi kwenye mashine mpya ambayo nyuso zake hazijazoeana au siku mzigo ulipopandishwa ghafla.

Kinachokosekana hapa mara nyingi si mnato. Ni kemia. Oili za presha kali hubeba viongezi vya salfa na fosforasi. Joto la mgusano likipanda, viongezi hivyo vinaungana na chuma na kutengeneza tabaka laini linalokatika badala ya gia yenyewe. Tabaka hilo linalika na kujengwa upya muda wote, kwa hiyo viongezi vinatumika na vinaisha. Oili inaweza kuwa na rangi nzuri na mnato sahihi ilhali ulinzi wake umekwisha.

Zingatia kwamba viongezi hivi vinahitaji joto la mgusano ili viamke. Kwenye gia kubwa iliyo wazi, inayozunguka taratibu mno na isiyopata moto, havifanyi kazi ya kutosha. Huko wanaosaidia ni oili nzito sana na vilainishi yabisi kama grafiti au molibdeni disalfaidi.

Dalili: gurudumu la bronzi limekuwa jeusi na oili inametameta dhahabu

Hili ninalisema kwa uchungu, kwa sababu nilishawahi kulisababisha mwenyewe. Giaboksi ya skrubu, ile ambayo shafti ya chuma yenye uzi huzungusha gurudumu la bronzi, ilikuwa inapata moto. Nikaiwekea oili ya presha kali iliyokuwa ikifanya vizuri sana kwenye giaboksi za pembeni yake, nikiamini naipa ulinzi zaidi. Miezi michache baadaye nikachukua tone kwenye kidole, nikaligeuza juani: chembe za rangi ya dhahabu, laini kama poda. Tulipofungua, ubavu wa meno ulikuwa mweusi kama uliopakwa wino, na meno yamekonda upande mmoja.

Salfa iliyo hai haibagui. Inaungana na shaba iliyomo ndani ya bronzi kama inavyoungana na chuma, na joto likipanda inaungana haraka zaidi. Tabaka jeusi linajengwa, skrubu inalikwangua, linajengwa jingine. Kila mzunguko unaondoka na bronzi kidogo.

Dawa ni kutumia oili iliyotengenezwa kwa gia za skrubu: nzito, kwa kawaida VG 460 au 680, ikiwa imechanganywa na mafuta yenye asidi za mafuta zinazoshika uso wa chuma bila kuula. Oili ya sintetiki ya aina ya poliglikoli ni bora zaidi kwa msuguano na joto, ila ina sharti gumu: haipatani na oili ya madini. Zikikutana zinaweza kutengeneza tope au ute mzito unaoziba njia. Giaboksi ioshwe vizuri, na rangi ya ndani pamoja na sili zithibitishwe kwamba zinaivumilia.

Ukiwa hapo, angalia kama giaboksi ina klachi ya kuzuia isirudi nyuma. Watengenezaji wengi wa klachi hizo hukataza viongezi vya presha kali na molibdeni, kwa sababu klachi inategemea msuguano ili ishike. Oili inayoteleza mno inaweza kuifanya iachie mzigo.

Dalili: beringi inapata moto baada ya kuwekewa grisi

Joto likipanda baada ya kuweka grisi, kisha likashuka taratibu ndani ya saa kadhaa, hilo ni la kawaida, grisi inajigawa. Lisiposhuka, grisi imezidi. Vigololi vinaikoroga kama mtu anayesonga ugali, msuguano wa ndani ya grisi unazalisha joto, joto linatenganisha oili na sabuni yake, yaani kizito kinachoishikilia ndani ya grisi, na kinachobaki ni donge kavu. Halafu mtu anakuja, anakuta beringi ina moto, anaongeza grisi.

Kwa beringi za kawaida jaza theluthi moja hadi nusu ya nafasi iliyo wazi. Wakati wa kuongeza, kanuni inayotumika sana ni hii: kipenyo cha nje kwa milimita, zidisha kwa upana kwa milimita, zidisha kwa 0.005, unapata gramu. Beringi yenye namba ya ukubwa 6316 ina kipenyo cha nje cha 170 na upana wa 39, kwa hiyo ni takriban gramu 33. Pampu yako ya mkono hutoa gramu ngapi ukiibonyeza mara moja? Kama hujui, ibonyeze mara kumi juu ya mizani, gawanya kwa kumi, andika jibu kwenye pampu kwa kalamu isiyofutika.

Kama kiasi ni sahihi na grisi inatoka imelegea kama uji, shuku mchanganyiko. Grisi mbili nzuri zikichanganywa zinaweza kutoa grisi mbaya. Grisi ambayo kizito chake ni udongo na ile ya lithiamu hazipatani, na za poliurea zina tabia ya kugombana na nyingi nyingine. Rangi haikuambii kitu, ni rangi tu iliyotiwa kiwandani.

Na joto la kudondoka lililoandikwa kwenye kopo, mfano takriban 260°C kwa grisi ya lithiamu changamani, si joto la kufanyia kazi. Ni joto ambalo grisi inashindwa kujishika. Oili iliyomo ndani yake inaharibika mapema sana kabla ya hapo. Beringi ikipita 70°C, punguza muda wa kuongeza grisi kwa nusu kwa kila 15°C zaidi.

Dalili: unga mwekundu na mashimo yenye nafasi sawa

Mashine ya akiba iliyokaa miezi bila kuzungushwa, huku jirani zake zikitetemesha sakafu. Inawashwa, beringi inanguruma. Ndani kuna unga wa rangi ya kutu, na njia ya vigololi ina vishimo vilivyopangana kwa umbali uleule wa vigololi.

Mtetemo mdogo umesukuma grisi nje ya mgusano, na bila mzunguko hakuna kinachoirudisha. Tofautisha na kishimo kilichotokana na kugongwa kwa nyundo wakati wa kufunga: kwenye kishimo cha kugongwa, mistari ya kusagia ya kiwandani bado inaonekana chini ya shimo, kwenye kishimo cha mtetemo imefutika. Zungusha shafti za mashine za akiba kila wiki, uziache pembe tofauti na zilipokuwa, na tumia grisi laini zaidi inayoachia oili kwa urahisi.

Vishimo vikiwa mistari iliyokaribiana kama bati la mawimbi na grisi imekuwa nyeusi, hasa kwenye mota inayoendeshwa na kifaa cha kubadili kasi, tafuta umeme unaopita kwenye beringi. Grisi yoyote haitalitibu hilo.

Dalili: oili imekuwa kama maziwa, au inatoa povu

Weka sampuli mezani. Kama inang'aa kuanzia chini kwenda juu ndani ya dakika kadhaa, ilikuwa hewa. Ikibaki na ukungu, kuna maji. Kuthibitisha, vaa miwani ya kinga na udondoshe tone kwenye sahani ya chuma yenye joto la takriban 150°C: ikitatarika, ina maji.

Maji hayabebi mzigo. Yakiingia kwenye mgusano wa presha kubwa, utando unakatika, viongezi vingine vinaharibika, na kutu inaanza. Angalia sili, kipozeo kilichotoboka, na kipumulio, yaani tundu ambalo giaboksi hupumulia. Giaboksi inayopata moto mchana na kupoa usiku inavuta hewa yenye unyevu kila siku kupitia kipumulio hicho, kwa hiyo kiwekee kichujio chenye kemikali ya kunyonya unyevu.

Kwa povu, angalia kiwango cha oili, uvujaji upande wa kufyonza, na kama oili mbili zimechanganyika. Usikimbilie kuongeza dawa ya kuua povu. Dawa za silikoni zikizidi huzuia vipovu vidogo visitoke ndani ya oili, na vipovu hivyo vikibanwa ghafla na pampu ya haidroliki vinapata joto la kuunguza oili inayovizunguka.

Dalili: inalia na kukwama asubuhi ya baridi, ikipata moto inatulia

Oili haifiki. Namba ya kikomo cha kumwagika kwenye karatasi ya oili ni joto la chini kabisa ambalo oili bado inasogea ndani ya chupa ya maabara, na kusogea si kufyonzwa na pampu. Chagua oili ambayo kikomo chake kiko angalau 10°C chini ya baridi unayoitarajia. Sintetiki za polialfaolefini nyingi hufika karibu na nyuzi 50 chini ya sifuri. Mashine kubwa zipashe oili moto kwa hita yenye nguvu ndogo kwa kila eneo la uso wake, isije ikaiunguza oili iliyoigusa.

Pale oili isipoweza kukaa

Mnyororo wa tanuri unaolia hata baada ya kumwagiwa oili: pengine oili inaungua na kuwa gundi ngumu juu ya mnyororo, wakati pini na bushi za ndani, zinapolika hasa, hazijafikiwa. Punguza kiasi, elekeza kwenye mwanya wa pini, tumia kilainishi chenye chembe yabisi ambacho kibebeo chake huyeyuka bila kuacha masalia. Molibdeni disalfaidi kwenye hewa huanza kuharibika karibu na 350°C. Grafiti huenda juu zaidi kidogo. Boroni nitridi huvumilia zaidi ya 800°C.

Usichukulie kwamba vilainishi yabisi ni ndugu wanaofanana. Grafiti inahitaji mvuke wa maji hewani ili iteleze. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, brashi za grafiti kwenye jenereta za ndege zilikuwa zinaisha kwa kasi ya kutisha angani juu, ambako hewa ni kavu. Molibdeni ni kinyume chake, inateleza vizuri zaidi kwenye ombwe, na unyevu unaiharibu. Ndiyo inayotumika kwenye vyombo vya anga, lakini tabaka lake ni jembamba na likikwanguliwa halirudi. Antena kuu ya chombo cha anga cha Galileo ilikataa kufunguka mwaka 1991, na uchunguzi ukaelekeza kwenye kilainishi kikavu kilichosuguliwa kikatoka wakati antena ikisafirishwa kwa lori, kabla chombo hakijarushwa.

Ripoti ya maabara inasema salama, mashine inanguruma

Amini mashine. Kipimo cha kawaida cha metali kwenye oili huona chembe ndogo, za chini ya maikromita 5 hadi 10 hivi. Beringi inayobanduka hutoa vipande vikubwa kuliko hivyo, na vipande hivyo havionekani kwenye karatasi. Viko kwenye filta uliyoambiwa usiitupe.

Ikate, ikunjue juu ya karatasi nyeupe, pitisha sumaku chini yake. Nywele za chuma zilizojikunja kama vinyoleo vya mashine ya kukerezea maana yake kitu kigumu, mchanga au chembe ya chuma, kimenasa upande mmoja na kinakata mwingine. Tafuta uchafu unaingilia wapi, na usisahau kwamba oili mpya kutoka kwenye pipa mara nyingi ina uchafu kuliko mashine inavyoruhusu, ichujwe kabla ya kuingia. Vipande bapa vinavyong'aa upande mmoja ni uso wa beringi au jino uliobanduka kwa uchovu. Chembe zisizofuata sumaku, za njano au nyekundu, ni bronzi au shaba. Zitie kwenye mfuko mdogo wa plastiki, andika tarehe na saa ambazo mashine imefanya kazi, uzihifadhi pamoja na zile za filta iliyotangulia ili uone zinaongezeka ukubwa au zinapungua.